Atatoka lini? Mwongozo kamili wa kupiga hesabu ya kifungo cha mlanguzi wa watoto na wanyonge, Kenya na Tanzania

Hakimu akisema "miaka thelathini", familia ya mtoto aliyeuzwa huondoka kortini ikiamini imeagana na mlanguzi kwa miaka thelathini. Sivyo. Idadi inayosomwa kortini ni mwanzo wa hesabu. Kuna theluthi inayopunguzwa, siku za rumande zinazohesabiwa, parole (kuachiliwa mapema kwa masharti) kwa walio Tanzania, msamaha wa Rais, na rufaa ambayo huweza kugeuza kila kitu. Mtu asipoelezwa mapema, siku moja atakutana na yule yule aliyemchukua binti yake, sokoni, miaka kumi kabla ya siku aliyoizoea kichwani.

Mwongozo huu ni wa wazazi, walezi, maafisa wa watoto, wasaidizi wa kisheria na yeyote anayemshika mkono mwathiriwa. Nimeanza na Kenya kwa undani, nikaingia Tanzania kwenye parole, halafu Marekani kwa kifupi kwa sababu ndugu zetu wengi wako huko. Jambo moja liwe wazi kabla ya kwenda mbali: sauti ya mwathiriwa ina nguvu zaidi kabla ya hukumu kuliko baada yake. Kesi ikiwa bado inaendelea, ruka kwanza hadi Hatua ya 7, kisha urudi hapa.

Hatua ya 1: Pata karatasi, usitegemee kumbukumbu

Unahitaji karatasi tatu: hati ya mashtaka, nakala ya hukumu pamoja na maelezo ya adhabu, na ikiwezekana nakala ya hati ya kifungo iliyompeleka gerezani. Mbili za kwanza zinatoka masijala ya mahakama iliyosikiliza kesi. Nenda na nambari ya kesi, andika barua fupi ukieleza wewe ni nani kwa mwathiriwa, na uombe nakala iliyothibitishwa kwa muhuri. Nchini Kenya hukumu nyingi za Mahakama Kuu na za rufaa huchapishwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law, na siku hizi hata za mahakama za chini huonekana, ingawa majina ya watoto hufichwa kwa herufi. Tafuta kwa nambari ya kesi.

Hati ya kifungo ni karatasi ndogo, mara nyingi ya ukurasa mmoja, lakini ndiyo gereza linayoitii. Humo mna kosa, muda, tarehe ya kuanza na agizo kama vifungo vinakwenda pamoja au kwa kufuatana. Hakimu akisema jambo kwa mdomo na lisiandikwe kwenye hati hiyo, ofisi ya kumbukumbu gerezani itafuata kilichoandikwa. Nakala ya hukumu ndiyo itakayokusaidia kudai irekebishwe.

Hatua ya 2: Soma kifungu cha sheria, siyo kichwa cha habari

Magazeti huandika "mlanguzi wa binadamu afungwa". Hati ya mashtaka huenda ikasema kitu kingine kabisa, na tofauti hiyo ni ya miaka mingi.

Kenya ina Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu, nambari 8 ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika Oktoba 2012. Kifungu cha 3 ndicho kiini: kosa la ulanguzi lina adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Anayepatikana na hatia mara ya pili hufungwa maisha. Kwa mtu mzima, upande wa mashtaka lazima uonyeshe njia iliyotumika: vitisho, nguvu, udanganyifu, utekaji, au kumtumia mtu vibaya kwa sababu ya hali yake ya unyonge. Kwa mtoto mzigo huo hauko. Kumsajili, kumsafirisha au kumpokea mtoto ili anyonywe ni ulanguzi hata kama hakuna aliyemtisha wala kumdanganya. Na kibali cha mwathiriwa hakimwokoi mshtakiwa. Maneno kama "alikuja mwenyewe" au "mamake alikubali" hayafuti kosa.

Kifungu cha 4 kinawagusa wanaotumia malezi, ulezi wa kisheria au uasili kama mlango wa kupitisha watoto. Hawa nao hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30, ila faini yao inaanzia milioni 20. Wanaowezesha biashara hiyo, kwa mfano kwa kukodisha nyumba huku wakijua, wako chini ya kifungu cha 5, ambapo kifungo huanzia miaka 20.

Sasa shida. Mara nyingi mashtaka hayaji chini ya sheria hii. Polisi wanaona msichana wa kazi asiyelipwa wanaandika kosa la ajira, au wanaona kijana aliyevushwa mpaka bila hati wanaandika kosa la uhamiaji. Makosa hayo adhabu yake ni nyepesi mno ukilinganisha na miaka 30. Wakati mwingine Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 ndiyo inayotumika, na humo mna vifungu vizito vinavyowalinda walio dhaifu: kifungu cha 15 kuhusu ukahaba wa watoto na cha 19 kuhusu kumwingiza mtu mwenye ulemavu wa akili katika ukahaba, vyote kwa kifungo kisichopungua miaka 10. Kesi nzuri huwa na mashtaka ya sheria zote mbili.

Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008. Humo kosa la kawaida limetenganishwa na usafirishaji mbaya zaidi, na kinachofanya kosa kuwa baya zaidi ni hasa udhaifu wa aliyetendewa: mtoto au mtu mwenye ulemavu, au mtu aliyetendewa na mzazi, mlezi, mwenzi wa ndoa au aliye na mamlaka juu yake, au kosa lililofanywa na genge, au lililoacha kifo au ulemavu. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa kuondoa nafasi ya mkosaji kulipa faini badala ya kufungwa. Kwa hiyo kwa kesi ya Tanzania, jambo la kwanza kuangalia ni tarehe kosa lilipotendeka: kabla au baada ya marekebisho hayo.

Hatua ya 3: Angalia kama faini imefungua mlango

Rudi kwenye sheria ya Kenya na usome tena: miaka 30 *au* milioni 30. Neno hilo dogo ndilo linalowaumiza waathiriwa. Mtu maskini aliyetumwa kupokea watoto kituo cha basi atakaa ndani. Aliyemtuma, mwenye magari na nyumba Nairobi, anaweza kulipa na kulala kwake usiku ule ule. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipengele dhaifu kuliko vyote katika sheria hiyo, na Tanzania imefanya vyema kuliziba tundu lake.

Angalia hukumu imeandikwa vipi. "Kifungo cha miaka 30" bila kutaja faini ni kitu kimoja. "Faini ya shilingi milioni 30, akishindwa afungwe" ni kingine: hapo anaweza kutoka siku yoyote ndugu zake wakikusanya pesa, hata akiwa ameshaanza kutumikia kifungo. Ikiwa hukumu ina faini, uliza masijala kila baada ya muda kama imelipwa. Risiti ya faini hubaki kwenye jalada la kesi.

Hatua ya 4: Tafuta siku ya kwanza ya hesabu

Kenya, kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinataka mahakama izingatie muda ambao mshtakiwa alikaa rumande kabla ya hukumu. Mahakama ya Rufaa ilikazia jambo hilo mwaka 2018 katika kesi ya Ahamad Abolfathi Mohammed: kusema tu "nimezingatia" hakutoshi, muda wenyewe lazima uhesabike. Siku alizokuwa nje kwa dhamana hazihesabiwi.

Angalia pia kama kuna mashtaka zaidi ya moja. Sheria ya Kenya inasema vifungo vya kesi moja hufuatana, kimoja kikiisha kingine kinaanza, isipokuwa mahakama iagize viende pamoja. Katika maisha halisi mahakama nyingi huagiza viende pamoja, hasa kama makosa yote yametokana na tukio moja.

Hatua ya 5: Toa theluthi

Hapa ndipo wengi hushtuka. Kenya haina bodi ya parole inayokaa kusikiliza nani atoke mapema. Kuna kipengele cha parole kwenye Sheria ya Magereza kinachompa Kamishna uwezo wa kumruhusu mfungwa wa muda mrefu kuwa nje kidogo karibu na mwisho wa kifungo, lakini huo ni ugeni mfupi wa nyumbani, haupunguzi kifungo. Kinachompunguzia mfungwa wa Kenya miaka ni kifungu cha 46: punguzo la theluthi moja kwa kufanya kazi na kuwa na mwenendo mwema.

Nalo halisubiri mwisho. Mfungwa anapoingia tu gerezani, theluthi yote huwekwa kwenye hesabu yake, kana kwamba ameshaipata. Baada ya hapo kinachowezekana ni kuipoteza: akivunja nidhamu ya gereza, akijifanya mgonjwa ili akwepe kazi, au akifungiwa seli ya peke yake kama adhabu. Hata alichopoteza kinaweza kurudishwa. Kwa hiyo tarehe ya mapema kabisa ya kutoka huandikwa kwenye kumbukumbu zake tangu mwanzo.

Nani hapati? Sheria inawataja waliofungwa maisha, waliohukumiwa kwa wizi wa mabavu chini ya kifungu cha 296(1) cha Kanuni ya Adhabu, na waliozuiliwa bila muda maalum mpaka Rais aridhie watoke. Ulanguzi wa binadamu haumo. Wala umri wa mwathiriwa haubadilishi hesabu. Aliyemuuza mtoto wa miaka sita na aliyemdanganya mtu mzima wanapunguziwa theluthi ile ile.

Tufanye mfano, wa kubuni, ila hesabu zake ni za kweli. Mwanamume alikamatwa tarehe 10 Machi 2021 kwa kumchukua msichana wa miaka 15 kutoka Kilifi akimwahidi kazi ya nyumbani Nairobi. Hakupewa dhamana. Tarehe 18 Juni 2023 alihukumiwa miaka 30 kwa ulanguzi na miaka 10 kwa kosa la kifungu cha 15, viende pamoja, vihesabiwe tangu siku ya kukamatwa.

Vikienda pamoja, kinachotawala ni kile kirefu: miaka 30. Toa theluthi, yaani miaka 10. Inabaki 20. Kuanzia 10 Machi 2021, atatoka 9 Machi 2041. Binti atakuwa na umri wa miaka 35, pengine ana watoto wake.

Kama mahakama ingeagiza vifuatane, jumla ni miaka 40, theluthi yake ni miaka 13 na miezi 4, na zilizobaki ni miaka 26 na miezi 8: Novemba 2047. Agizo la sentensi moja kwenye hukumu limebadilisha zaidi ya miaka sita. Na kama miezi ya rumande isingehesabiwa, angetoka Juni 2043. Usishangae basi mwanasheria wake akirudi kortini kuiomba miezi hiyo. Ni haki yake, na kupinga hakutakufikisha popote.

Piga hesabu yako mwenyewe kwa mpangilio huo: siku ya kwanza, muda unaotawala, toa theluthi, jumlisha. Kisha nenda gerezani, ofisi ya kumbukumbu, uthibitishe tarehe. Gereza si lazima likupe kila kitu, lakini ukiwa na barua kutoka kwa afisa wa watoto au wakili na hukumu mkononi, mara nyingi utasaidiwa.

Hatua ya 6: Kama kesi ni ya Tanzania, ingiza parole

Tanzania Bara ina Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994. Ziko bodi za mikoa na Bodi ya Taifa ya Parole, ambayo wengi waliisikia zaidi miaka Augustino Mrema alipokuwa mwenyekiti wake, kuanzia 2016. Punguzo la theluthi lipo pia, lakini parole ni kitu tofauti: mfungwa anatoka kabla ya muda wake akiwa chini ya uangalizi na masharti, na akiyavunja anarudishwa.

Vigezo vya msingi ni hivi. Awe anatumikia kifungo cha miaka minne au zaidi. Awe ameshatumikia theluthi moja ya kifungo. Awe na tabia njema. Asiwe anatumikia kifungo cha maisha, wala asiwe amefungwa kwa makosa yaliyotajwa kuwa yamezuiwa: unyang'anyi wa kutumia silaha, dawa za kulevya, kubaka na kunajisi.

Orodha hiyo ilizaliwa mwaka 1994, miaka kumi na minne kabla ya sheria ya usafirishaji haramu kutungwa, na inaonyesha hofu za wakati wake. Hapa ndipo mashtaka ya Hatua ya 2 yanarudi kukusaidia au kukuumiza. Mtu aliyemsafirisha mtoto na kumbaka, akihukumiwa kwa yote mawili, amezuiwa parole kwa sababu ya ubakaji. Akihukumiwa kwa usafirishaji peke yake kwa kuwa shtaka la ubakaji liliachwa njiani, kizuizi hicho hakipo. Kabla ya kutegemea orodha yoyote, ikiwemo hii, muulize wakili au msaidizi wa kisheria aisome kwenye toleo jipya la sheria zilizorekebishwa lililoanza kutumika 1 Julai 2025, maana makosa yanaweza kuongezwa.

Tofauti na Kenya ni kubwa. Chukua kifungo cha miaka 20. Kwa punguzo la theluthi, mtu anakaa ndani miaka 13 na miezi 4. Kwa parole, anaweza kuanza kufikiriwa baada ya miaka 6 na miezi 8. Kufikiriwa siyo kutoka, wengi hukataliwa. Lakini kwa familia, tarehe ya kuandika kwenye kalenda ni hiyo ya mapema.

Hata hivyo parole ina jambo jema ambalo punguzo la Kenya halina: kuna watu wanaokaa mezani na kuamua, na masharti yanaweza kuwekwa. Andika barua mapema, mwaka mmoja kabla ya theluthi kutimia, kwa Bodi ya Parole ya Mkoa kupitia mkuu wa gereza, na nakala kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya yako. Isiwe barua ya hasira. Eleza mambo matatu: mwathiriwa ni nani na udhaifu wake ulikuwa upi wakati ule, mkosaji akitoka atakaa umbali gani naye, na masharti gani unaomba, kwa mfano asikanyage kijiji fulani, asifanye kazi inayohusu watoto au usafiri wa abiria, asiwasiliane na familia. Ambatisha taarifa ya hospitali au ya mshauri nasaha kama unayo. Barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayothibitisha kuwa mtoto bado anaishi hapo huongeza uzito.

Hatua ya 7: Kama hukumu bado, sema sasa

Kwa kuwa Kenya theluthi inatoka yenyewe bila kumuuliza mtu, nafasi ya kuongeza miaka iko kabla ya hukumu. Milango ipo mitano, na wengi hawajui hata mmoja.

Wa kwanza ni hati ya mashtaka. Ukiona kosa la ajira au uhamiaji limeandikwa badala ya ulanguzi, nenda Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma katika kaunti yako, omba kuonana na kiongozi wa mashtaka anayeshika jalada, na umweleze umri wa mtoto na jinsi alivyochukuliwa. Mashtaka yanaweza kubadilishwa kesi ikiwa inaendelea. Peleka cheti cha kuzaliwa. Bila uthibitisho wa umri, ulinzi maalum wa mtoto unayumba.

Wa pili ni makubaliano ya kukiri kosa. Mshtakiwa anaweza kukubaliana na upande wa mashtaka akiri kosa dogo ili kubwa liondolewe. Sheria ya Kenya inautaka upande wa mashtaka, inapowezekana, umpe mwathiriwa au mwakilishi wake nafasi ya kutoa maoni kabla ya kutia sahihi. Makosa ya Sheria ya Makosa ya Ngono hayaingii kabisa kwenye mpango huo. Ya ulanguzi yanaweza kuingia, kwa hiyo muulize kiongozi wa mashtaka waziwazi: kuna mazungumzo yoyote?

Wa tatu ni kumweka wakili wa kuwakilisha mwathiriwa. Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Joseph Lendrix Waswa mwaka 2020, ilikubali kwamba wakili wa mwathiriwa anaweza kushiriki kesini kwa ruhusa ya mahakama. Huna pesa? Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria ipo kwa Sheria ya 2016, na Tanzania ina sheria yake ya 2017.

Wa nne ni ripoti ya afisa wa probesheni. Kabla ya adhabu, hakimu mara nyingi huagiza ripoti, na afisa humhoji mkosaji, familia yake, chifu, na mwathiriwa. Usikatae kuhojiwa. Ripoti isiyokuwa na sauti ya mwathiriwa hujaa sifa za mkosaji: baba wa watoto wanne, mkosaji wa mara ya kwanza, mcha Mungu.

Wa tano ni maelezo ya madhara aliyopata mwathiriwa, yanayoruhusiwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai na kutiliwa nguvu na Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014, ambayo inawatambua kwa namna ya pekee walio dhaifu kwa sababu ya umri, jinsia au ulemavu. Yanaandikwa kwa lugha ya mwathiriwa mwenyewe. Ndugu anaweza kusaidia mtoto. Andika vitu vinavyoonekana: aliacha shule darasa gani, anaamka usiku mara ngapi, amelazwa wapi, nani sasa anamwangalia. Sentensi kama "tangu arudi hakubali kulala chumba chenye mlango uliofungwa" hufanya kazi kuliko kurasa mbili za "ameumia sana kisaikolojia". Na hapo hapo omba fidia: sheria ya 2010 inaipa mahakama uwezo wa kuamuru mkosaji alipe gharama za matibabu, makazi na usafiri wa mwathiriwa.

Neno la ziada kwa Pwani na Kaskazini Mashariki. Wazee wakija na maslaha, yaani usuluhishi wa kimila nje ya korti, wakitaja ng'ombe au pesa ili yaishe, fahamu kuwa ulanguzi si kesi ya familia kuifuta. Ni kesi ya serikali. Lakini mashahidi wasipokuja kortini kwa sababu ya maslaha, kesi hufa yenyewe, na hiyo ndiyo njia fupi kuliko parole yoyote. Ukitishwa ili usije, mwambie kiongozi wa mashtaka. Kenya ina Wakala wa Kulinda Mashahidi. Kwa mtoto, nambari 116 inapigwa bure Kenya na Tanzania.

Hatua ya 8: Fuatilia rufaa

Mkosaji wa Kenya ana siku 14 za kukata rufaa, na mahakama huweza kumwongezea muda. Anaweza pia kuomba dhamana rufaa ikisubiriwa, na hapo anaweza kuwa nje wakati wewe unadhani yuko ndani. Muulize kiongozi wa mashtaka baada ya mwezi mmoja, kisha kila baada ya miezi michache.

Utasikia pia "kuhukumiwa upya". Baada ya kesi ya Muruatetu ya Desemba 2017, iliyofuta ulazima wa adhabu ya kifo, wafungwa wengi walirudi kortini wakidai adhabu za lazima ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilifafanua kuwa uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake. Julai 2024, katika kesi ya Joshua Gichuki Mwangi iliyohusu makosa ya ngono, ikasema adhabu za chini zilizowekwa na Bunge zinabaki zikisimama mpaka zipingwe kwa njia inayostahili. Hoja hiyo inaugusa moja kwa moja ukomo wa chini wa miaka 30. Mkosaji akiomba apunguziwe chini yake, upande wa mashtaka una jibu.

Hatua ya 9: Msamaha wa Rais

Kenya, Ibara ya 133 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe, kubadilisha adhabu kuwa nyepesi au kupunguza, kwa ushauri wa kamati yenye Mwanasheria Mkuu, waziri wa urekebishaji na wajumbe wengine wasiopungua watano. Kijisehemu cha 4 kinasema kamati inaweza kuzingatia maoni ya waathiriwa. Inaweza, hailazimiki. Lakini haiwezi kuzingatia maoni ambayo hayakuwahi kufika. Tuma barua yako mapema, yenye jina la mfungwa, nambari ya kesi na gereza, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Tanzania msamaha hutoka kwa Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba, mara nyingi siku za sherehe za kitaifa kama Muungano na Uhuru. Kila tangazo huja na orodha yake ya makosa yasiyoguswa. Soma orodha ya mwaka huo; usidhani ni ile ya mwaka jana.

Kama kesi iko Marekani

Wapo Waafrika Mashariki waliofanyishwa kazi majumbani huko bila malipo huku pasipoti zao zimefichwa. Kwenye mahakama za shirikisho hesabu ni rahisi: hakuna parole kwa makosa yaliyotendeka baada ya 1 Novemba 1987. Mfungwa hupata hadi siku 54 kwa mwaka kwa mwenendo mwema, yaani hutumikia takriban asilimia 85. Sheria ya 2018 iliyoanzisha punguzo la ziada la muda iliwatenga waliohukumiwa kwa utumwa na ulanguzi. Biashara ya ngono ya mtoto wa chini ya miaka 14, au iliyotumia nguvu au ulaghai, adhabu yake huanzia miaka 15. Mtoto wa miaka 14 hadi 17, miaka 10. Mwathiriwa hujiandikisha kwenye mfumo wa shirikisho wa kuwaarifu waathiriwa ili apate taarifa mkosaji anapohamishwa au kutoka. Kesi za majimbo zina parole zao, kila jimbo na lake, kwa hiyo uliza kwanza kesi ilikuwa ya shirikisho au ya jimbo.

Hatua ya 10: Mwaka wa mwisho

Tarehe ikikaribia, mpe taarifa chifu au mtendaji wa mtaa kwa maandishi, na polisi wa kituo cha karibu, ukiambatisha nakala ya hukumu. Zungumza na mwathiriwa kabla hajasikia kwa majirani. Kama ni mtu mzima sasa, mwache aamue anataka kujua kiasi gani. Hakikisha nambari yako ya simu kwenye jalada la upande wa mashtaka ni ile unayotumia leo, siyo ya laini iliyofungwa miaka minane iliyopita. Mkosaji akirudi na kuanza kutuma salamu kupitia ndugu, kwa simu au kwa kupita pita mlangoni, piga ripoti siku hiyo hiyo na uombe nambari ya kitabu cha matukio.